Maneno Yaliyofichwa

Picha zilifika kwanza. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona.

Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mbele ya karakana yetu, nimefungua tovuti yetu mpya kwenye simu yangu. Koti jeupe lilitokea. Kisha aproni ya bluu. Kisha mikono ya mama ikiwa imeshika fremu ya kutarizia. Kati ya picha na picha palikuwa peupe. Nikahesabu kimoyomoyo, kama ninavyohesabu mishono. Nilipofika kumi na saba, maneno yakatokea yote kwa mpigo, kama watu waliokuwa wamejibanza nyuma ya pazia.

Sikusema kitu. Mimi si msemaji. Nyumbani wananiita Kimya, na nimeshazoea.

Karakana yetu ina vyumba viwili, chini kabisa ya jengo lenye ukumbi mrefu. Tunatarizi majina kwenye nguo za kazi: makoti ya wauguzi, aproni za wapishi, ovaroli za mafundi umeme. Chumba cha nyuma kuna mashine tatu, na kaka yangu ndiye anayeziendesha. Mama ndiye mwenye karakana. Alianza na sindano moja.

Mimi nilikaa miaka sita chumba cha nyuma. Nilikata nyuzi zilizobaki na kufumua majina yaliyokosewa. Mwaka jana mama alinipa meza ya mbele. Napokea simu, naandika jina la mteja, saizi ya nguo na rangi ya uzi. Shule niliishia darasa la tano. Nasoma polepole, kidole kikiwa chini ya mstari. Lakini tangu nikae pale, hakuna jina hata moja lililofumuliwa kwa sababu mimi nililiandika vibaya. Hata moja.

Kile kiti nakipenda. Hilo pia sikuwahi kumwambia mtu.

Kaka alitengeneza tovuti mwenyewe, baada ya kusoma miezi mitatu. Ilikuwa nzuri kwelikweli. Vichwa vya habari vilikuwa na herufi zenye mikia mirefu, kama za kadi za harusi. Maelezo yalikuwa na herufi nyembamba kama uzi mmoja. Tulifurahi wote. Kisha simu zikapungua. Zamani ililia mara kumi, kumi na tano kwa siku. Wiki ya pili ya tovuti mpya, ikawa mara mbili, mara tatu.

Jumatano mama alisimama mbele ya meza yangu.

"Leo imelia mara ngapi?"

"Mara mbili, mama."

"Mara mbili. Hiyo si simu tena, ni pambo la meza."

Kaka alitoka nyuma akijifuta mafuta ya mashine. "Tatizo si simu, mama. Tatizo ni anayeipokea. Mteja anapiga, anasikia mtu anapumua tu. Anadhani amepiga shimoni."

"Tovuti inachelewa," nilisema.

"Unasema?"

"Maneno. Yanachelewa kutokea."

Kaka alinigeuzia kompyuta yake. Akabonyeza. Maneno yote yalikuwepo papo hapo, na mikia yake yote.

"Haya. Yamechelewa?"

"Hapo hayajachelewa. Kwenye simu yangu ndiyo."

"Maneno hayachelewi, mdogo wangu. Wewe ndiye unayechelewa kuyasoma."

Mama hakucheka. Lakini hakumnyamazisha pia. Alipanga risiti zilizokuwa zimepangwa tayari, kisha akasema, "Jumatatu binti wa shangazi yenu atakuja kukaa hapa mbele. Wewe utarudi nyuma kwenye nyuzi. Si adhabu, mwanangu. Ni kazi tu."

Nikainama nikaandika tarehe kwenye daftari, ingawa nilikuwa nimeshaiandika.

Alhamisi nilipeleka makoti kwenye zahanati. Msimamizi wa wauguzi aliyapokea, akayakagua moja moja, kisha akanitazama juu ya miwani yake.

"Binti, kumbe hamjafunga?"

"Hatujafunga, mama. Kwa nini?"

"Nataka makoti mengine arobaini. Kikaratasi chenye namba yenu nimekipoteza. Nimefungua tovuti yenu mara tatu. Naona koti, naona aproni, naona mikono ya mtu. Namba sioni. Nikasema hawa wamefunga, wameacha picha za kumbukumbu."

Nilimwomba aifungue tena. Simu yake ilikuwa ya zamani, kioo kina ufa. Picha zikaja. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika nane, akaifunga.

"Unaona? Hakuna kitu."

"Ungesubiri kidogo, mama."

"Nisubiri nini? Kuna wagonjwa kumi na wanne hapo nje."

Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilikuwa na siku tatu tu za kukaa kwenye kile kiti. Niliwafuata wauguzi wawili, nikamfuata mfagiaji, nikamfuata mlinzi wa getini. Kila mmoja nilimwomba afungue tovuti yetu kwenye simu yake mwenyewe, na kila mmoja nilimhesabia. Muuguzi wa kwanza, ishirini na moja. Mfagiaji, kumi na tisa. Mlinzi alifika kumi akaniuliza kama ni mchezo. Muuguzi wa pili tu, mwenye simu mpya, alifika nne. Niliandika hesabu zote nyuma ya risiti.

Basi si mimi. Nilirudi nikitembea haraka kuliko kawaida yangu.

Ng'ambo ya ukumbi wetu kuna chumba cha mwanamke tunayemwita Dada Kibodi. Anafundisha kompyuta asubuhi, na mchana anatengeneza tovuti za watu. Nilikuwa nimempita mlangoni mwaka mzima bila kumwambia zaidi ya shikamoo. Siku hiyo niliingia.

"Marahaba, jirani. Leo umepotea njia?"

Nikampa risiti. Aliisoma mbele na nyuma.

"Hesabu za nini hizi?"

"Za watu wanaosubiri maneno ya tovuti yetu. Kaka anasema ni kwa sababu mimi nasoma polepole."

"Ukisoma polepole, ukurasa unakuwa mweupe?"

"Hapana."

"Haya, vuta kiti."

Alifungua tovuti yetu kwenye kompyuta yake, akafungua na dirisha lingine pembeni linaloonyesha kila faili ambalo ukurasa unalipakua. Orodha ilikuwa ndefu. Aliweka kidole kwenye skrini, akahesabu, akapiga mluzi.

"Fonti tisa. Kaka yako anafungua duka au kiwanda cha herufi?"

"Fonti ni nini, dada?"

"Fonti ni faili lenye michoro ya herufi zote za mtindo mmoja. Simu yako ina fonti zake, ilikuja nazo dukani. Tovuti ikitumia hizo, maneno yanatokea mara moja. Tovuti ikitaka herufi nyingine, simu lazima izipakue kwanza, kama inavyopakua picha. Herufi nene ni faili moja. Nyembamba ni faili lingine. Za kulala, yaani zilizoinama, faili lingine tena."

"Kama nyuzi," nilisema. "Kila rangi ina uzi wake. Ukibadilisha rangi, mashine inasimama."

"Hasa. Na ninyi mmeweka rangi tisa kwenye koti moja. Tena mafaili yenyewe ni mazito. Hili hapa lina herufi za lugha ambazo hamtaandika hata siku moja. Mteja analipakua lote kwa bando lake."

Kisha akakunja uso. Alisogeza maandishi ya ndani ya tovuti juu na chini.

"Lakini hapa kuna jambo sijawahi kuliona. Kivinjari, yaani ile programu inayofungua tovuti, kinaweza kuonyesha maneno kwa herufi za simu kwanza. Fonti yenu ikifika, kinazibadilisha. Kaka yako amekizuia. Ameandika amri kwamba maneno yote yafichwe mpaka fonti ya mwisho ifike. Kwa makusudi. Mtu afiche maneno yake mwenyewe kwa nini?"

Mimi nilijua kwa nini. Nilijua pale pale.

Mama ana sheria moja ambayo haivunjwi. Mteja haoni nguo kabla haijakatwa nyuzi na kupigwa pasi. Hata mteja akisimama mlangoni akisema ana haraka, nguo inafunikwa kitambaa mpaka iwe tayari. Kaka aliwahi kuchapwa vidoleni na rula kwa kumwonyesha mtu koti lenye nyuzi zinazoning'inia. Amekua na hiyo sheria mwilini. Sasa ameyafunika maneno kitambaa.

Nilimweleza Dada Kibodi. Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Kwa nguo ni sheria nzuri. Lakini mteja wa nguo anaona kwamba mpo, anasikia mashine, anasubiri. Mteja wa tovuti haoni mtu. Akikuta peupe anaondoka. Hajaja kutazama herufi zikivaa. Amekuja kuchukua namba ya simu."

"Utamwambia kaka?"

"Nitakuja. Lakini anza wewe. Ushahidi ni wako."

Ijumaa, baada ya mashine kuzimwa kwa mapumziko ya mchana, kaka aliweka sanduku mezani kwangu.

"Anza kuhamisha vitu vyako, Bi Kimya. Jumatatu si mbali."

"Sihami," nilisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema sihami. Mama, naomba uje."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yangu na ilitoka. Mama alikuja na kitambaa begani. Niliweka risiti mezani, na pembeni yake nikaweka simu yangu.

"Watu watano nimewapima jana. Mmoja tu alipata maneno haraka. Msimamizi wa wauguzi anataka makoti arobaini, na anadhani tumefunga."

"Arobaini?" mama alisema.

"Arobaini. Amefungua tovuti mara tatu, namba hakuiona."

Kaka alichukua risiti. "Umekwenda kututangaza kwa walinzi na wafagiaji?"

"Wafagiaji wanavaa ovaroli. Ovaroli zina majina."

Mama aliguna. Sikujua kama ni kicheko.

"Tovuti yangu haina tatizo," kaka alisema. "Naifungua kila siku."

"Ndiyo maana huoni," Dada Kibodi alisema kutoka mlangoni. "Kompyuta yako ilipakua fonti siku ya kwanza, ikazihifadhi. Haizitafuti tena. Mteja mpya anaanza sifuri. Hebu futa kilichohifadhiwa, halafu punguza kasi ya mtandao iwe kama ya simu ya kawaida. Nitakuonyesha pa kubonyeza."

Kaka alibonyeza. Koti likaja. Aproni ikaja. Mikono ya mama ikaja. Tulisimama wanne tukitazama peupe. Mimi nilihesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na tano, kaka akasema, "Acha. Nimeona."

"Bado," nilisema. "Kumi na sita. Kumi na saba. Kumi na nane."

Maneno yakatokea.

Mama aliuliza kwa nini yanafichwa. Kaka aliinama akatazama vidole vyake. Nikamjibia.

"Ni sheria yako, mama. Hataki mteja aone kazi isiyopigwa pasi."

Mama alimgeukia kaka. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyefunga duka langu?"

"Hakuna aliyefunga kwa ubaya," Dada Kibodi alisema. "Tufungue tu. Kwanza, ondoa amri ya kuficha. Maneno yatokee mara moja kwa herufi za simu. Fonti yenu ikifika, yatabadilika yenyewe."

"Yataruka mteja akiyaona," kaka alisema. "Yatakuwa mabaya."

"Yataruka kidogo. Chagua fonti ambayo upana wake unakaribiana na ule wa herufi za simu, na hayataruka sana. Afadhali neno linaloruka kuliko neno lisilokuwepo. Pili, fonti tisa ziwe mbili. Familia moja ya herufi, unene wa aina mbili: nene kwa vichwa vya habari, ya kawaida kwa maelezo."

"Na herufi zenye mikia?"

"Ulizipata wapi?"

"Rafiki alinipa."

"Zina leseni gani?"

Kaka hakujua. Dada Kibodi alitafuta, akatuonyesha. Fonti ile iliruhusiwa kwa kazi za nyumbani tu, si kwa tovuti ya biashara. Alitueleza kwamba kila fonti ina mwenyewe aliyeichora, na leseni ndiyo inayosema unaweza kuitumia wapi. Zipo nyingi nzuri zenye leseni huru, ambazo mtu yeyote anaweza kuziweka kwenye tovuti yake. Lakini lazima usome leseni kabla, si baada.

Alifungua fonti nne zenye leseni huru, moja moja, kwa maneno yetu wenyewe: majina ya wateja, saizi za nguo, namba ya simu.

"Msichague kwa neno kubwa moja," alisema. "Chagueni kwa maneno mtakayoyaandika, kwa udogo mtakaoyaandika."

Kaka alipenda ya pili. Ilikuwa nyembamba na ya kifahari.

"Hapana," nilisema.

"Sasa na wewe umekuwa bingwa wa fonti?"

"Nimefumua majina miaka sita. Hiyo herufi e ina tundu dogo. Ukiipunguza, tundu linaziba, inakuwa kama c. Moja na i kubwa zinafanana. Sifuri na o kubwa ni kitu kimoja. Mteja akisoma saizi vibaya, koti linarudi, na wewe ndiye utakayelitarizi upya."

Dada Kibodi alinisogezea kompyuta.

"Chagua wewe."

Nilizitazama zote kwenye simu, si kwenye kompyuta. Nilitoka nazo nje, juani, maana wateja wetu husoma wakiwa njiani. Fonti ya tatu ilisomeka hata juani. Matundu yake yalikuwa wazi. Tarakimu zake hazikuchanganyika na herufi. Halafu nikaandika kwa fonti hizo majina magumu zaidi yaliyomo kwenye daftari letu, hata yale ya wageni yenye alama juu ya herufi. Kwenye fonti ya kwanza, herufi zenye alama zilitoka kama viboksi vitupu. Kwenye ya tatu zilitoka zote.

"Hii," nilisema.

"Ya kawaida mno," kaka alinung'unika.

"Inasomeka," mama alisema. "Iweke."

Kazi iliyobaki ilichukua saa mbili. Dada Kibodi alimwonyesha kaka jinsi ya kupunguza fonti ibaki na herufi tunazozihitaji tu, pamoja na zile zenye alama, na jinsi ya kuihifadhi katika faili lililobanwa kwa ajili ya tovuti. Fonti zote mbili kwa pamoja zikawa nyepesi kuliko picha moja ya aproni. Walikuza herufi za maelezo, na rangi ya kijivu ikawa nyeusi. Mwisho kaka akaandika fonti za akiba, ili zetu zikikosekana, simu itumie zake. Alifanya kazi vizuri. Ni fundi. Hilo sijawahi kulikataa.

Kisha nikampa simu yangu. Hakuhesabu yeye, nilihesabu mimi. Maneno yalitokea nikiwa kwenye moja.

Jumatatu binti wa shangazi alikuja na mkoba wake. Mama alimwonyesha kiti cha chumba cha nyuma, karibu na dirisha. Saa nne kasorobo msimamizi wa wauguzi alipiga. Niliandika majina arobaini, moja moja, na kila moja nikamsomea. Hakuniharakisha. Hadi jioni simu ilikuwa imelia mara kumi na moja.

Tulipokuwa tunafunga, mama alikaa ukingoni mwa meza yangu. Kaka alikuwa anafunika mashine, mlango ukiwa wazi.

"Uliliona tatizo siku ya kwanza," mama alisema. "Ukangoja mpaka nikunyang'anye kiti. Kwa nini hukusema kwa nguvu?"

"Nilisema. Nilisema kidogo."

"Ndiyo, kidogo. Kwa nini?"

Watu wote wa nyumbani wanajua niliacha shule kwa sababu mama aliugua mwaka ule, na mtu wa kumtunza hakuwepo. Mama mwenyewe huwaambia wageni hivyo, na kila akisema sauti yake hushuka. Nimemwacha aseme hivyo miaka tisa.

"Mama, sikuacha shule kwa ajili yako," nilisema. "Uliugua, ndiyo. Lakini ulipopona ningeweza kurudi. Darasani nilikuwa nasoma kwa sauti, polepole, wakacheka. Mwalimu naye akacheka. Nikaona ni afadhali waseme nimebaki nyumbani kukutunza. Nilijificha nyuma ya ugonjwa wako. Sikuwa mjinga, mama. Nilikuwa nasoma polepole tu, na bado nasoma polepole. Lakini sitaondoka tena mahali kwa sababu hiyo."